Nakamua ng'ombe nikiwa nimejifunga kitenge cha marehemu mke wangu. Je, nimechanganyikiwa?

SWALI

Mama wa safu hii, nakusalimu. Mimi ni mzee wa miaka 79, mkulima wa Kibosho, upande wa juu kuelekea msituni. Anayeandika ni mjukuu wangu wa kidato cha tatu, mimi namtajia maneno, maana jicho langu la kulia limeingia mtoto wa jicho.

Nilimwoa mama watoto mwaka 1969. Mungu alitupa watoto sita, mmoja ametangulia. Kahawa ilipopanda bei, baada ya baridi kuua mibuni ya Brazil mwaka 1975, tuliangusha nyumba ya zamani tukajenga hii ya bati. Yeye ndiye aliyebishana na fundi mpaka jiko likawekwa upande wa banda, ili akiwa anapika amsikie ng'ombe. Alifariki mwaka jana wakati wa masika. Ilikuwa moyo. Amezikwa hapa hapa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na nimepanda masale kuzunguka kaburi.

Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kufungiwa. Kumkamua ilikuwa kazi yake mama, yangu ilikuwa majani na kutoa samadi. Siku za msiba majirani walijitolea kumkamua, lakini alikuwa anapiga mateke na kubana maziwa, kiwele kikaanza kuvimba. Watu walipotawanyika nikabaki naye peke yangu. Nilijaribu, akapiga ndoo ikaenda mlangoni. Ndipo nikakiona kitenge ambacho mama alikuwa anajifunga kila akienda kukamua. Kilikuwa bado kimetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa banda. Ni cha kahawia chenye maua ya njano, na upindo wake una matundu mawili ya cheche za jikoni. Nikajifunga kiunoni, nikaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa Bikira Maria aliokuwa anauimba. Ng'ombe akageuza kichwa, akanusa, akatulia, akaachia maziwa. Nililia nikiwa nimechuchumaa pale, lakini sikuacha kukamua. Tangu siku hiyo najifunga kitenge kile asubuhi na jioni.

Jirani mmoja aliyefuata maziwa aliniona. Habari ilifika Dar es Salaam kabla sijamaliza kuchuja. Watoto wakapiga simu mmoja baada ya mwingine: "Baba, ni kweli unavaa nguo za mama?" Kuna binti yangu ameokoka, yeye anasema kuna roho inanifuata na anataka kuleta watu wa maombi. Baadaye wakasikia pia kwamba jioni nachukua kigoda nakaa pale kaburini, namweleza mama habari za siku: maziwa yametoka kiasi gani, nani kaja, mgomba upi umeangushwa na upepo. Hilo ni kweli. Na kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Usiku nasikia kandambili zake zikielekea jikoni. Najua amekufa, niliweka udongo kwa mkono wangu. Lakini nasikia.

Sasa Krismasi wanakuja wote. Wameshakubaliana bila mimi kwamba nguo zote za mama zigawiwe, hata hicho kitenge, ng'ombe auzwe, na mimi nihamie kwa mkubwa wao, Kimara, Dar es Salaam. Wanasema nikitoka hapa nitasahau. Mimi sitaki kusahau. Afya nashukuru si mbaya, ni presha tu ya siku nyingi, na usiku sipiki tena, nakunywa chai inatosha. Niambie kweli: mimi ni mgonjwa? Na nina haki ya kuwakatalia?

Mzee wa Kibosho

JIBU

Shikamoo Mzee wangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Na mjukuu wako mpe hongera, kaandika vizuri, hakukupunguzia neno.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hapana, hujachanganyikiwa. Nasema hivyo kama muuguzi mstaafu, nimefanya kazi wodini hapa Moshi mpaka nikastaafu, na nasema kama mjane pia. Mtu aliyechanganyikiwa hatafuti njia ya kumtuliza ng'ombe. Wewe uliona kiwele kinavimba, ukajua mnyama anaelekea kuugua, ukatumia kitu pekee kilichokuwepo. Mfugaji yeyote wa huko juu angekuambia ufanye hivyo hivyo. Ng'ombe humjua mkamuaji wake kwa harufu, sauti na mwendo. Akiwa ametulia mwili wake hutoa homoni ya oksitosini, ambayo ndiyo inayosukuma maziwa yashuke. Akiwa na hofu homoni nyingine huizuia, na hapo hata ungekamua kwa nguvu kiasi gani, anabana tu. Kitenge chenye moshi wa jiko la mama na mafuta ya kukamulia kilimwambia kwamba yuko salama. Wanao, ambao wote walisomeshwa kwa maziwa na kahawa ya kihamba hicho, wakikaa chini wakaeleweshwa wataelewa.

Nakuomba jambo moja tu kuhusu kitenge. Kitachakaa. Kwa hiyo anza taratibu kumzoesha ng'ombe sauti yako na mkono wako: siku nyingine kitundike kwenye nguzo mbele yake badala ya kujifunga, na mjukuu awe anasimama karibu ajifunze kukamua. Siku ukiumwa mgongo, nani atamkamua? Na usikifue kwa sabuni ya manukato.

Kuhusu kandambili. Nimefurahi kwamba umelisema, kwa sababu wengi wanakufa nalo moyoni. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alitoa matokeo ya mazungumzo yake na wajane na wagane 293 wa eneo alilokuwa anatibu. Aliwauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amewauliza kabla: je, bado unamhisi mwenzako? Karibu nusu walisema ndiyo. Wengi wao walimhisi tu kwamba yuko karibu, baadhi walimsikia, baadhi walimwona kabisa. Zaidi ya nusu ya hao hawakuwahi kumwambia mtu, na wengi walisema jambo hilo linawasaidia kuishi. Tena liliwapata zaidi waliokaa kwenye ndoa miaka mingi na kwa furaha. Unaona basi uko kundi gani. Ubongo uliosikia hatua zile kila usiku tangu 1969 hauwezi kuziacha kwa sababu tu mazishi yamefanyika. Mimi mwenyewe, saa mbili usiku, nawasha redio kwa ajili ya taarifa ya habari aliyokuwa haikosi mume wangu, na kuna siku nasikia anakohoa kabla ya vichwa vya habari. Siogopi. Namwambia habari zenyewe zinaanza.

Nikupe mpaka, kwa sababu wanao watataka kuujua. Unasikia kandambili na bado unajua kwamba amefariki: huko ni kufiwa. Lakini ukianza kuamka usiku na kutoka nje kumtafuta, ukimwekea mtu chakula ukashangaa mbona haji kula, ukipotea njia ya kwenda kanisani unayoijua tangu utotoni, ukisahau kama umeshakamua, hapo akili inahitaji kupimwa na daktari haraka. Au sauti ikianza kukuamrisha ujidhuru. Au majonzi yakikulaza kitandani kwa miezi, hulimi, hujali ng'ombe, unaona heri na wewe ufe. Hayo yana tiba, na hospitali wanayajua. Tangu 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatambua majonzi yaliyokwama kuwa ugonjwa, lakini inasema wazi kwamba yapimwe kwa kuangalia pia desturi za watu wenyewe. Na desturi yetu ya mlimani ni kuwazika wapendwa wetu kihambani. Mtu akizikwa hatua chache kutoka mlangoni, ajabu ingekuwa kupita pale kila siku bila kumsemesha.

Sasa, Mzee wangu, nikuambie kilichonishtua katika barua yako. Ni maneno ya karibu na mwisho, yale uliyoyapitisha haraka, kwamba usiku hupiki, unakunywa chai inatosha. Haitoshi. Wanao wanaogopa kitenge, mimi naogopa hiyo chai.

Nimewaona wodini wanaume wa umri wako waliofiwa na wake zao. Hawaji wakilalamika kwamba wana majonzi. Wanakuja wamekonda, presha iko juu, miguu imevimba, na ukiuliza dawa wanakuambia aliyekuwa anawakumbusha ndiye aliyefariki. Uingereza kuna uchunguzi uliotolewa mwaka 1969, mwaka ule ule wa ndoa yenu, uliofuatilia wagane 4,486 wenye miaka 55 na zaidi. Katika miezi sita ya kwanza baada ya kufiwa walikufa 213, asilimia 40 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa wanaume wa rika lao ambao wake zao wako hai, na ongezeko kubwa lilitokana na magonjwa ya moyo. Baadaye hatari ilishuka. Wewe miezi hiyo sita umeivuka, mshukuru Mungu, lakini presha yako haijui kwamba umeivuka.

Kwa hiyo nataka ule. Sisemi upike kama yeye. Anza na mtori, maana ndizi unazo mlangoni. Chemsha nyama kidogo mpaka iwe laini, weka ndizi na kitunguu, ziive, ponda na mchuzi wake, mimina maziwa kidogo ya huyo huyo ng'ombe. Chumvi iwe kidogo sana kwa ajili ya presha. Chungu kimoja kinatosha usiku wa leo na mchana wa kesho. Au mboga na maharage kwa ndizi za kuchemsha. Kula mezani, usile umesimama. Na mjukuu huyu, kama kwao ni hapo jirani, aje alale kwako na kula nawe. Atasoma kwa utulivu, nawe utapika kwa sababu kuna mtoto anasubiri. Niliyoyaona ni kwamba mzee anayempikia mtu mwingine hula na yeye, lakini anayejipikia peke yake huishia kwenye chai.

Dawa za presha ziweke pale unapoweka ndoo ya kukamulia. Huwezi kusahau ndoo.

Na hilo jicho! Mtoto wa jicho ni kitu cha kutolewa, na upasuaji wenyewe ni mfupi. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wana idara kubwa ya macho, watu wanatoka mikoa mingine kuifuata, na wewe uko mlima huo huo. Badala ya wanao kutafuta pesa ya kukusafirishia vitanda kwenda Kimara, wakupeleke kwanza hapo. Ukiona vizuri utatembea vizuri, hutajikwaa kwenye mfereji usiku, na picha za mama utaziona mwenyewe bila kuelezwa na mtu.

Kwa binti yako aliyeokoka, sitaingia kwenye ubishi wa madhehebu. Anakupenda na ana hofu. Mwambie kwa upole kwamba humwombi marehemu kitu, humwagi mbege, hupigi ramli. Unamweleza habari za nyumba mtu uliyeishi naye maisha yako yote. Wewe ni Mkatoliki, na kanisa lako lina siku nzima ya kuwaombea marehemu wote, tarehe 2 Novemba, na unaweza kumwombea misa wakati wowote. Kama bado ana wasiwasi, mwende wote wawili kwa paroko mkazungumze. Maombi yakija, yaje kama maombi ya familia, uyapokee. Ila yasije kama kukutoa pepo, hilo kataa, kwa sababu linamfanya mama wa watoto wako aonekane ni kitu kibaya kinachozunguka nyumba. Hastahili hilo.

Nguo. Kugawa nguo za marehemu ni jambo zuri na lina heshima yake, na nguo zilizofungiwa kwenye sanduku kwa miaka zinaliwa na nondo tu. Lakini wa kwanza kufungua sanduku ni wewe. Kaa nalo siku moja kabla hawajafika, utoe unavyotaka kubaki navyo, hata kama ni vitatu au vinne, na hakuna wa kukuuliza kwa nini umechagua sweta kuukuu ukaacha vitenge vipya. Halafu dada zake waitwe, wachague kabla ya wakwe. Najua familia zilizogombana miaka kwa ajili ya khanga moja kwa sababu utaratibu huu haukufuatwa. Kila mjukuu apate kipande. Na ninyi watoto mnaosomewa hii, msigawe kwa haraka ya kuwahi safari. Kila nguo mama yenu aliinunua kwa sababu fulani, muulizeni baba yenu mkiwa mnazikunja, na mmoja wenu arekodi kwenye simu. Baba yenu anakumbuka mabishano na fundi wa miaka hamsini iliyopita. Akiondoka na hayo, hakuna pengine mtakapoyapata.

Kuhama. Haki ya kukataa unayo yote. Hakuna sheria ya nchi hii inayompa mtoto mamlaka ya kumhamisha mzazi mwenye akili timamu kutoka nyumbani kwake, wala ya kuuza ng'ombe wake. Na wanaosema ukitoka hapo utasahau wamekosea. Utakaa Kimara ukimkumbuka vile vile, tofauti ni kwamba hutakuwa na kazi ya mikono wala jirani wa kumwamkia. Nimewajua wazee waliobebwa hivyo kwa nia njema kabisa. Mchana wanafungiwa geti, watoto wako kazini, televisheni inaongea peke yake, na mwaka hauishi wameshasahau siku za juma.

Lakini usiwakatalie kwa hasira, maana hofu yao ina msingi: uko peke yako usiku, jicho halioni, presha ipo. Wape kitu. Waambie utaenda Dar mwezi wa Juni, wakati Kibosho kuna ukungu na baridi inayoingia kwenye mifupa, na joto la pwani nalo limepungua. Kaa wiki chache, wajukuu wakuzoee, kisha urudi kabla kahawa haijaiva sana. Wakati huo mjukuu atakuwa ameshajua kukamua. Na wao wapange zamu ya kukupigia simu kila jioni, mtoto mmoja siku moja. Isiwe wote wapige siku ile tu jirani anapowapa habari.

Mwisho ni hili, na lifanyike Krismasi hii hii wakiwa wote nyumbani. Unataka kuzikwa kando ya mama, hilo hukuliandika lakini nimelisoma. Liandike kwenye wosia, pamoja na nani atatunza kihamba na kwamba makaburi hayauzwi. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea wosia na kuutunza. Usiache kwa maneno ya mdomo. Watoto wakae sebuleni, usomwe mbele yao, aliye na neno alitoe wewe ukiwa hai wa kumjibu. Na msiusukume mpaka baada ya sikukuu, kwa sababu tarehe 2 Januari nusu yao wameshapanda basi.